Rojo la Udongo na Historia ya Kuunga Vyungu Kando ya Ziwa Victoria

Ufinyanzi wa nchi zinazolizunguka Ziwa Victoria una umri wa maelfu ya miaka, na katika muda wote huo mfinyanzi amelazimika kujua namna ya kuunga vipande viwili vya udongo mbichi hadi viwe kitu kimoja kitakachostahimili kukauka, kuchomwa na kubeba uzito. Njia inayofundishwa leo vyuoni na katika karakana ni ya kutumia rojo, yaani udongo uleule wa chombo uliolowekwa na kukorogwa hadi ukawa mzito kama uji, ambao hupakwa kwenye nyuso mbili zilizochanjwachanjwa kabla ya kubanwa pamoja. Hata hivyo, rojo halikuzaliwa vyuoni, kwa kuwa kila mkono uliolowa maji unapousugua udongo laini hulitengeneza papo hapo.

Haja ya uungaji makini huonekana vizuri katika ardhi ya Kamanga, upande wa Sengerema, ambako kivuko huvuka Ghuba ya Mwanza kuelekea jijini. Miamba ya matale iliyotapakaa eneo hilo humomonyoka na kuacha juu ya miinuko udongo wa kichanga ambao Wasukuma huuita luseni, ilhali mabondeni hukusanyika udongo mweusi wa mbuga, ambao huvimba wakati wa masika na kupasuka nyufa pana wakati wa kiangazi. Udongo mzito hunywea sana ukikauka, na ndiyo maana wafinyanzi huupunguza makali kwa mchanga au kwa chenga, yaani vigae vikuukuu vilivyopondwa. Sheria hiyohiyo hutawala kiungo: kipande kibichi kikiungwa na kilichokwisha kukauka, kile kibichi hunywea zaidi na kujibandua. Kwa hiyo rojo si gundi ya kufunika kosa hilo, bali ni udongo unaojaza mianya na kuziwezesha chembe za pande mbili kushikana, na likizidi nalo hunywea na kuacha ufa.

Vyungu vya kale kabisa vinavyojulikana katika eneo hili ni vya utamaduni uitwao Kansyore, jina lililotokana na kisiwa kilichomo katika Mto Kagera, nao ulikuwa wa wawindaji na wavuvi walioishi kabla ya kilimo kuenea. Vigae vyake viliripotiwa pia katika mapango ya miamba ya Mkoa wa Mwanza, yakiwemo Nyang'oma na Chole, kutokana na uchunguzi wa Robert Soper na mwenzake Golden uliochapishwa mwaka 1969. Baadaye, katika karne za mwisho kabla ya Kristo, vilitokea vyungu vya Urewe, vilivyopewa jina la mahali palipo Siaya, magharibi ya Kenya, na ambavyo vilielezwa kitaalamu mwaka 1948 na Mary Leakey, Walter Owen na Louis Leakey, waliovitambua kwa kishimo kidogo kilichobonyezwa kwenye kitako. Vyungu vya namna hiyo vimefukuliwa pia Katuruka, mkoani Kagera, pamoja na mabaki ya tanuri za kuyeyushia chuma.

Wataalamu wa mambo ya kale huweza kutambua uungaji kwa kuchunguza kigae chenyewe. Chombo kilichojengwa kwa kamba za udongo, yaani vipande virefu vya mviringo vinavyozungushwa kimoja juu ya kingine, mara nyingi huvunjika kwa kuufuata mshono, na hapo ukingo wa kigae huwa laini na wa mviringo badala ya kuwa na meno, huku kigae kilichokaa juu yake kikiwa na mfuo unaolingana nao. Pale ambapo mfinyanzi aliisugua kamba vyema kwa kidole chenye maji, akivuta udongo wa juu kuuteremsha juu ya ule wa chini, mshono hupotea kabisa. Chungu kikubwa hakijengwi kwa mfululizo, kwa sababu sehemu ya chini sharti ishupae kwanza ndipo iweze kubeba mabega na shingo, na kwa hiyo mdomo wa sehemu hiyo hutunzwa usikauke, kisha hulowanishwa na kukwaruzwa kabla ya kamba inayofuata kuwekwa.

Ustadi huo ulivuka mipaka ya vyombo vya jikoni, kama inavyoonyeshwa na sanamu za udongo zilizofukuliwa mwaka 1929 katika eneo la gereza la Luzira, Kampala, ambazo sasa zimehifadhiwa katika Makumbusho ya Uingereza. Miongoni mwake kimo kichwa cha mtu pamoja na vipande vya miili na viungo. Katika kazi ya aina hiyo, kila sehemu inayobandikwa huongeza hatari wakati wa kuchomwa, kwani maji yaliyonaswa ndani ya kiungo hugeuka mvuke na kukirusha kipande kilichobandikwa, na moto wa wazi, ambao joto lake hupanda haraka, hautoi nafasi ya maji hayo kutoka polepole.

Rojo limekuwa na kazi ya pili, ambayo ni kukivika chombo ngozi. Wafinyanzi wa Athens katika Ugiriki ya kale walipata rangi yao nyeusi inayong'aa kutokana na rojo laini mno, ilhali kando ya Ziwa Victoria wengine walipaka udongo mwekundu kisha wakaung'arisha, na wafinyanzi wa wafalme wa Buganda walitumia grafati, madini meusi yanayometameta. Magdalene Odundo, mfinyanzi aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, ameendeleza njia hiyo hadi katika makumbusho ya dunia, kwa kujenga vyombo vyake kwa mkono bila gurudumu, kuvipaka rojo laini na kuving'arisha kabla ya kuvichoma.

Rojo la kuungia lilipata nafasi ya pekee katika karne ya 20, wakati shule na karakana zilipoleta gurudumu la mfinyanzi na vyombo vyenye mikono, kama vikombe na birika. Kikombe kilichotoka kwenye gurudumu hakiwezi kubandikwa mkono kikiwa bado laini, kwa kuwa kitapindika. Husubiriwa hadi kikauke nusu, nao mkono huachwa ushupae kwa kiasi hichohicho, na kwa kuwa wakati huo udongo hautii tena kidole, kuchanja na kupaka rojo huwa jambo la lazima.

Ujuzi wa zamani na wa sasa ulikutana katika jiko. Kuanzia miaka ya 1980, vikundi vya wanawake magharibi ya Kenya vilifinyanga jiko la kuni lililoitwa Maendeleo, na baadaye Upesi, ambalo hutengenezwa kwa kalibu ili vipimo vyake visibadilike, kisha hubandikwa ndani yake mafiga ya kuinulia sufuria. Figa hubeba sufuria iliyojaa, husukumwa wakati ugali unaposongwa, na hupata moto na kupoa kila siku, hivyo kiungo chake hupata mateso ambayo shingo ya mtungi wa maji haiyajui. Figa likibanduka, jiko zima hupoteza kazi, kwa sababu udongo uliokwisha kuchomwa haurudi kuwa tope na rojo haliwezi kuushika tena. Kwa hiyo uimara wa jiko huamuliwa katika saa chache ambazo mwili wake na mafiga vina unyevu uliolingana, na kuzitambua saa hizo kwa kugusa tu ndio ujuzi ambao kalibu haikuweza kuuchukua kutoka mikononi mwa mfinyanzi.