Rabai: Kilima Kilichopokea Wageni

Wengi wetu tunaijua Rabai kama nchi ya minazi. Ukipanda kutoka Mazeras unakuta mashamba ya minazi, mihogo na mahindi yakiteremka hadi mabondeni, na upepo wa bahari ukifika mpaka kwenye vilima. Watalii huja kutazama misitu ya kaya, nyumba za wamisionari na kanisa la kale. Sisi tuna sababu kubwa zaidi ya kupatazama, kwa maana imani yetu ilipokelewa hapa.

Tuanze na misitu, kwa sababu ilitangulia. Kaya zilikuwa makao ya Warabai, na humo walizika wazee wao. Hadi leo mti wa kaya haukatwi ovyo. Mojawapo ni Mudzi Muvya, yaani mji mpya. Mwaka 2008 kaya za Wamijikenda, zikiwemo za Rabai, ziliingizwa katika Urithi wa Dunia. Johann Ludwig Krapf na Johannes Rebmann walipofika mwaka 1846, wazee wa Rabai ndio waliowakubali na kuwaruhusu kujenga. Basi aliyetufungulia mlango wa kwanza hakuwa Mkristo. Tunapowasema vibaya wazee wa kaya, tukumbuke jambo hilo.

Nyumba za Krapf na Rebmann zingali zimesimama. Ni ndogo, na kazi iliyofanyika ndani yake ilionekana ndogo vilevile. Krapf alikuwa amemzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga Mombasa mwaka 1844. Rebmann alitoka Rabai akauona Kilimanjaro mwaka 1848, lakini waumini aliowapata walikuwa wa kuhesabika. Wa kwanza kubatizwa alikuwa Mringe, mtu mwenye ulemavu, naye hakuishi muda mrefu baada ya ubatizo. Rebmann alikaa miaka 29, akarudi kwao mwaka 1875 macho yakiwa karibu yamepofuka. Kwa hesabu ya binadamu, hiyo ni hasara.

Lakini Kanisa la Mtakatifu Paulo lilipojengwa, mwaka 1887, kilima kilikuwa kimejaa watu. Walitoka wapi? Wengi walikuwa watumwa waliotoroka mashamba ya pwani. Walijenga vibanda kando ya misheni, wakalima, wakasali. Sheria ya wakati ule iliwahesabu kuwa mali, na misheni ilikuwa imeagizwa isiwapokee. Mabwana zao walitishia kuja kwa silaha. Mchungaji wao alikuwa William Jones, Mwafrika aliyekuwa mtumwa utotoni, akakombolewa, akasomea India na kupewa ushemasi mwaka 1885. Yeye alijua maana ya kuwa mali ya mtu. Hakuwafukuza.

Jambo hilo lilipofichuka, George Mackenzie wa kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki alikubali mabwana walipwe fidia. Tarehe 1 Januari 1889 karatasi za uhuru zikatolewa Rabai. Katika vituo vyote vya misheni, waliofunguliwa walizidi 1,400. Tuseme kweli yote: waliolipwa ni mabwana, si wale waliofanyishwa kazi bure miaka mingi. Hata hivyo, mtu aliyelala usiku akisikiliza kama anafuatwa, sasa alilala.

Waisraeli walipovuka Yordani waliweka mawe, ili watoto wao wakiuliza maana yake wapate jibu. Vijana wetu wa kipaimara wanapopelekwa Rabai, wapewe jibu kamili. Waonyeshwe nyumba ya Krapf, lakini waambiwe pia habari za wazee waliompa mgeni kiwanja, na za Jones aliyewaficha waliotafutwa. Watembee kwa heshima kando ya kaya bila kuvunja hata kijiti.

Kisha waulize swali linalotuhusu sisi wenyeji wa leo. Siku hizi pia wako wanaofika milangoni petu wakikimbia: msichana anayekwepa kuozwa, mtumishi wa nyumbani aliyenyimwa mshahara, familia iliyofukuzwa shambani. Kuwapokea kuna gharama, na pengine kuna mtu mkubwa atakayekasirika. Wazee wa baraza la kanisa walizungumze hilo kabla hodi haijapigwa, ili wakati ukifika tusianze kutazamana.