Kolelo na Maji: Sehemu ya Uluguru katika Vita vya Majimaji

Vita vya Majimaji vikitajwa, wengi hukumbuka Ngarambe, Nandete na Songea. Uluguru haitajwi, na kwa maoni yangu huko ni kuinyima haki yake. Ukitoka Morogoro mjini kwa barabara ya Kisaki, milima ikiwa kuliani, utapita Matombo, penye misheni ya Kikatoliki iliyoanzishwa mwaka 1897. Ukifika Mvuha, njia huingia milimani kuelekea Kolero. Upande huo ndiko lilikokuwa pango la Kolelo, mzimu ulioogopwa na kupendwa tangu Uluguru hadi karibu na pwani.

Kolelo alisimuliwa kama nyoka mkubwa, na waliomhudumia walikuwa watu wa ukoo wa Mlali. Wazaramo walipanda huko kuomba mvua. Ruvu, mto unaonywesha sehemu kubwa ya Uzaramo, chimbuko lake ni milima hiyohiyo ya Uluguru. Kwa mkulima wa bondeni, mwenye mamlaka juu ya mvua na mafuriko alikaa kule juu, na maagizo yake yalikuwa na uzito kuliko ya jumbe au akida aliyewekwa na Mjerumani.

Mwaka 1905 maagizo yakaja. Mchungaji Martin Klamroth, mmisionari wa Berlin aliyefanya kazi Uzaramo, aliandika baadaye yale aliyoyasikia: Kolelo amekataza watu wasilipe tena kodi kwa wageni weupe, mafuriko makubwa yatawafagia, ardhi itafunguka iwameze, risasi za bunduki zitageuka maji. Watu wake wasiogope. Kodi ilikuwa ikidaiwa tangu 1898, na juu yake mashamba ya pamba ya kulazimishwa. Manung'uniko yalikuwepo tele. Kilichokosekana ni sauti ambayo Mmatumbi, Mzaramo na Mngindo wangeitii kwa pamoja, maana hawakuwa na mfalme mmoja.

Sauti hiyo ilisikika kwa nguvu zaidi Ngarambe, karibu na Rufiji, kwa mganga Kinjikitile Ngwale. Dawa yake ya kugeuza risasi kuwa maji haikuwa na makuu: maji, mafuta ya nyonyo na mbegu za mtama. Mengine yalinywewa, mengine yakanyunyizwa mwilini. Wapiganaji wengine walivaa mabua ya mtama kuzunguka paji la uso. Mtu akimkuta mwenziwe wa kabila asilolijua ana alama ile, alijua yuko upande gani. Hapo ndipo ninapoona kazi halisi ya maji: yaliwapa watu wa koo mbalimbali kitu kimoja cha kushika, na hakuna aliyelazimika kuinama mbele ya chifu wa jirani. Na yalienea upesi kwa sababu yalipita katika njia ambazo tayari zilikuwa zimekanyagwa na mahujaji wa mvua.

Mwishoni mwa Julai 1905 Wamatumbi waling'oa pamba. Tarehe 4 Agosti Kinjikitile akanyongwa Mohoro, lakini maji yakaendelea kusafiri bila yeye, hadi Liwale, Mahenge na kwa Wangoni. Tarehe 30 Agosti, Wapogoro na Wambunga walilikabili boma la Mahenge wakapokewa na bunduki za mtombo. Waliokufa siku ile hawakuhitaji kuambiwa tena kuhusu risasi kugeuka maji. Hata hivyo vita viliendelea hadi 1907, jambo linaloonyesha kwamba watu hawakupigania dawa peke yake. Gavana von Götzen alijibu kwa kuchoma vijiji na ghala, na njaa ikamaliza kazi. Hesabu ya Wajerumani wenyewe ilikuwa watu 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000.

Nusu karne baadaye maji yakarudi kwa sura nyingine. Desemba 1956 Julius Nyerere alizungumza mbele ya Umoja wa Mataifa akavitaja vita hivi: watu waliinuka kwa kukataa kutawaliwa, wala si kwa sababu ya ushirikina. Alikuwa na hoja ya kisiasa ya kujenga, na aliijenga vizuri. Lakini alama iliyokuwa ya mizimu ikavuliwa mizimu yake ili iwe ya taifa, na Kolelo akabaki nje ya mlango. Ebrahim Hussein, katika tamthilia yake ya Kinjeketile ya mwaka 1969, aliirudisha imani jukwaani na kuihoji waziwazi. Ninamshukuru kwa hilo.

Wanafunzi wa Chuo Kikuu Dar es Salaam walikwenda vijijini mwaka 1968 kuwahoji wazee, na mengi tunayoyajua yametokana nao. Songea imepata makumbusho yake tangu 1980. Nawaomba walimu wa historia wa Matombo, Mvuha na Kolero wafanye na upande wao: wawatume wanafunzi kwa wazee wa ukoo wa Mlali, wakiwa na daftari na simu ya kurekodia, waulize habari za Kolelo kabla hawajapungua wa kuzisimulia.