Shamba Hili Alililima Baba Yangu

Wasikilizeni watu wawili wanaogombea shamba barazani, hapa Kibua au po pote katika Masisi na Walikale. Wa kwanza asema: "Baba yangu alilima shamba hili." Hiyo ni habari tu. Wa pili asimama, anyosha mkono, asema: "Shamba hili alililima baba yangu." Maneno ni karibu yale yale, ila shamba limetangulia, na baba amewekwa mwisho, mahali ambapo sikio linangoja. Wazee wafahamu mara moja: huyu hasimulii, anadai.

Kugeuza maneno hivyo ni jambo la kale. Washairi wa pwani walikuwa mabingwa wake. Utenzi wa Tambuka wa mwaka 1728, na ule ambao Mwana Kupona alimtungia binti yake mwaka 1858, ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kila kipande mizani minane. Mtunzi aliyebanwa na mizani na vina husema "wangu mwana" badala ya "mwana wangu". Wako wanaogeuza kwa kutafuta kina tu, na mimi siwasifu. Mtunzi hodari huweka mwisho neno analotaka libaki moyoni mwa msikilizaji.

Katika karne ya 19 wafanya biashara wa pwani walileta Kiswahili Manyema, Nyangwe na Kasongo, kikaenea hata huku kwetu. Kilikuja kama lugha ya safari na soko, wala si ya tenzi. Lakini nguvu ya kugeuza maneno haikuachwa pwani, maana imo ndani ya kitenzi chenyewe. Tazameni "alililima": ile "a" ni ya baba, na "li" ya pili ni ya shamba. Basi shamba likiwekwa mbele au nyuma, hakuna atakayedhani kwamba shamba ndilo lililomlima baba. Kilatini nacho kina njia yake: "regina caeli" au "caeli regina", Malkia ni yule yule, kwa kuwa mwisho wa neno waonyesha kazi yake.

Shida iko kwa watu wawili. "Petro alimpiga Yoane." Geuza majina, "Yoane alimpiga Petro", na mwenye hatia amekuwa mwingine, kwa sababu "a" na "m" zawafaa wote wawili. Tena kuna mtego uliofichika zaidi. Shahidi akisema "mtu aliyempiga Yoane", je, mtu huyo alipiga au alipigwa? Kiswahili chakubali yote mawili! Kwa neno kama hilo mtu aweza kulipishwa mbuzi bila kosa. Karani mwangalifu hamwachi shahidi aende zake; humwuliza tena, kisha huandika: "Yoane alipigwa na Petro."