Breki ya miradi iling'olewa ndani ya sheria ya mateso

Wasee wa Syokimau, stesheni kuu ya SGR iko hapa kwetu, kwa hivyo hii ni stori yetu pia. Ukipanda treni ya kuelekea Suswa, hata hujamaliza kufungua soda uko juu ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi, kwa daraja la kama kilomita 6. Kila mtu anatoa simu apige picha. Mimi pia nimepiga. Lakini hilo daraja lilijengwa baada ya jopo la mazingira kusema kazi isimame. Iliwezekanaje?

Lazima turudi 1989. Serikali ya Moi ilitaka kujenga jumba la orofa 60 ndani ya Uhuru Park. Wangari Maathai akaenda kortini. Korti ikamwambia, kwa kifupi, hii inakuhusu nini wewe? Hakuwa ameonyesha kwamba yeye binafsi angeumia kuliko Mkenya mwingine yeyote, kwa hivyo kesi ikatupwa. Jumba halikujengwa, lakini si korti iliyoliokoa bustani. Ni kelele, hadi wafadhili wakaogopa.

Miaka 10 baadaye, 1999, Bunge likapitisha sheria ya mazingira, ile EMCA iliyozaa NEMA. Mradi mkubwa ukahitaji tathmini ya athari za mazingira kabla ya kupewa leseni. Lile swali la "inakuhusu nini" likafutwa: mtu yeyote anaweza kushtaki, hata kama hana ploti hapo. Halafu kulikuwa na kipengele kimoja kitamu sana. Ukikata rufaa kwa jopo la mazingira, linaloitwa NET, mambo yalibaki vile yalivyo hadi rufaa iamuliwe. Hukuhitaji kuomba. Unawasilisha karatasi, breki inashika yenyewe.

Septemba 2016, Okiya Omtatah na watetezi wa wanyamapori wakapeleka SGR kwa NET. Jopo likasema kazi ndani ya mbuga isimame.

Sasa cheki hii. Mwaka wa 2017 Bunge likapitisha Sheria ya Kuzuia Mateso. Sheria poa kabisa, inahusu askari kutesa watu. Lakini nenda mwisho, kwa jedwali la nyuma kabisa, utakuta wamebadilisha sheria nyingine: EMCA, kifungu cha 129. Kutoka hapo rufaa haisimamishi mradi yenyewe. Lazima uombe amri, nao jopo waone kama wakupe. Na breki zote za kujishika zilizokuwepo tayari zikaisha, hadi uombe upya. Ndani ya sheria ya mateso! Kama walikuwa wanafikiria SGR au la, angalia tarehe uamue mwenyewe. Mapema 2018 matingatinga yakaingia mbugani, na Oktoba 2019 Uhuru akazindua treni hadi Suswa.

Niseme ukweli, breki ya zamani ilikuwa na shida. Mshindani wako wa biashara angeweza kukata rufaa ya uongo akukwamishe miezi, na wewe mkopo wa benki unakula riba. Hata mradi wa upepo au mvuke, wenye tunautaka, ungenaswa vilevile. Kwa hivyo sipingi mageuzi. Mwaka wa 2019, kwa mfano, miradi iligawanywa kwa kiwango cha hatari, ndogo, ya wastani na kubwa, ili mtu wa kazi ndogo asipitishwe njia moja na mtu wa kiwanda. Hiyo ina akili, na ilitoka kama notisi ya mazingira, si kwa kujificha.

Kinachoniudhi ni kwamba kwa mazingira, kushinda kesi ukiwa umechelewa ni kama kupoteza. Linganisha na Lamu. NEMA ilitoa leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 mwaka wa 2016. Save Lamu wakakata rufaa mwaka huo huo, na Juni 2019 NET ikafuta leseni kwa sababu wananchi hawakuhusishwa ipasavyo. Mtambo ulikuwa haujajengwa, kwa hivyo uamuzi ulikuwa na kitu cha kuokoa. Sasa fikiria ushinde leo kesi ya daraja la mbugani. Nani atalibomoa?

Hii hakuna lekchara alinifunza kabla niache chuo. Niliisoma kwa simu, sheria zote ziko mtandaoni bure. Na mradi ukifanyiwa tathmini kamili, NEMA lazima itangaze ripoti kwa magazeti na ikupe siku 30 za kutoa maoni. Tangu nijue hivyo huwa naanza gazeti kwa kurasa za notisi, zile za herufi ndogo karibu na matangazo ya vifo.