Pampu za Kwale na muhuri wa baiti nne

Leo tuache programu kidogo tuangalie historia.

Sisi wa Samburu tunaijua kiu. Maji yetu ni ya mabwawa na mitungi. Wenzetu wa upande wa Msambweni wana visima vyenye pampu za mkono, tena pampu yenye jina duniani. Afridev ilijaribiwa hapa Kwale miaka ya 1980, na iliundwa ili fundi wa kijijini aweze kuifungua mwenyewe. Lakini ikiharibika, nani atampa fundi habari?

Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walichapisha jibu. Ndani ya mpini waliweka kihisi, yaani kifaa kidogo kinachopima mwendo. Kinahesabu mpini unavyopanda na kushuka, kisha kinatuma SMS. Kule Kyuso, Kitui, muda wa pampu kukaa mbovu ulishuka kutoka wastani wa siku 27 hadi chini ya siku 3. Baadaye vifaa hivyo vikafungwa Kwale pia.

Mimi kama mwandika programu najiuliza: fundi anajuaje kwamba ujumbe umetoka kwenye pampu kweli? Mtu akighushi ujumbe kwamba pampu ni nzima, fundi haji, na kina mama wanarudi kuteka maji machafu. Hapa siri si kitu sana. Kitu ni kumjua mtumaji.

Swali hili ni la zamani. Mwaka 2001 Adrian Perrig na wenzake wa Berkeley, Marekani, walitoa SPINS, mpango wa ulinzi kwa vihisi vyenye kumbukumbu ya baiti 512 tu. Hofu ilikuwa kwamba hesabu za ulinzi zitamaliza betri. Mwaka 2004 Chris Karlof, Naveen Sastry na David Wagner, nao wa Berkeley, walitoa TinySec. Kila ujumbe ulipewa muhuri wa baiti 4 unaotokana na ufunguo wa siri. Gharama ya umeme ilikuwa chini ya asilimia 10.

Baiti 4 zatosha? Redio zile zilikuwa za polepole. Mwizi wa kubahatisha angehitaji majaribio kama bilioni 2, na hewani hiyo ni kazi ya zaidi ya mwaka mzima.

Pengo lilibaki moja: kunasa ujumbe halali wa jana na kuurusha tena leo. Dawa yake ni namba inayopanda kila ujumbe. LoRaWAN ya mwaka 2015 ina vyote viwili, muhuri wa baiti 4 na namba hiyo.

Je, SMS? Katika GSM, laini hujithibitisha kwa mtandao, lakini mtandao haujithibitishi kwa simu, na usimbaji huishia kwenye mnara. Tena usimbaji wenyewe, A5/1 wa mwaka 1987, Karsten Nohl alionyesha hadharani mwaka 2009 jinsi ya kuuvunja.

Kwa hiyo ukitengeneza kifaa cha pampu, usiutegemee mtandao peke yake. SMS moja ina baiti 140. Weka muhuri wako na namba yako humo humo, nafasi ipo tele.