Kioo cha Kitengela
Sanaa ya kioo kilichotumika, inayotengenezwa katika karakana zilizo karibu na korongo la mto Mbagathi, kaunti ya Kajiado, ng'ambo ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Mwanzilishi ni msanii Nani Croze, mzaliwa wa Ujerumani. Mwanawe Anselm aliendeleza upulizaji wa kioo.

Malighafi ni vioo vya madirisha na chupa ambavyo vingeishia jaani, na tanuri huwashwa kwa oili chafu ya magari. Fundi huchota tonge jekundu la kioo kilichoyeyuka kwa bomba la chuma, akalipuliza huku akilizungusha bila kusita. Likitulia kidogo tu, hulegea na kuning'inia upande mmoja.

Ukumbi wa maonyesho ni uwanja wenyewe: njia, kuta, hata viti vimepambwa kwa vipande vya kioo na vigae. Wenye moyo huvuka korongo kwa daraja linaloning'inia.