Walianza na Rangi, Wakaja kwa Kopo, Sasa Wako kwa Simu Yako

Kuna posti huwa naiona karibu kila wiki. Kopo la maziwa ya mtoto, picha safi, "orijino kutoka ng'ambo", bei ni kama nusu ya ile ya supamaketi, unalipa kwa M-Pesa na unaletewa mpaka mlangoni. Chini yake watu wanauliza, "Bado iko?" Hakuna hata mmoja anauliza, "Imetoka wapi?"

Najua kuna mtu hapa atasema maziwa ni maziwa. Chuo niliacha, lakini historia haijawahi kuniacha, na historia ya hii kitu ni nzito. Tulieni niwaonyeshe vile matapeli wa maziwa wamefanya kazi kwa zaidi ya miaka 150. Wao hawaanzi na maziwa. Wanaanza na ile alama wewe mnunuzi unaitumia kuamini maziwa.

Twende New York, mwaka wa 1858. Jiji limejaa viwanda vya pombe kali, na ukitengeneza wiski unabaki na machicha mengi. Wenye viwanda wakaona, kwa nini tuyatupe? Wakajenga mazizi kando ya viwanda, ng'ombe wakafungwa humo wakilishwa machicha moto usiku na mchana. Ng'ombe wenyewe walikuwa wagonjwa, wengine mikia inaoza. Maziwa yao yalikuwa mepesi na yana kaubluu fulani. Mama yeyote angeyakataa. Kwa hivyo yalitiwa vitu kama unga, chaki na plasta hadi yakawa meupe na mazito. Halafu yakazungushwa mtaani kwa mikokoteni iliyoandikwa kwamba ni maziwa safi ya mashambani.

Unaona mchezo? Mama wa wakati huo alipima maziwa kwa macho, so rangi ndiyo ikachezewa. Makadirio yaliyochapishwa wakati huo yalitaja vifo vya watoto 8,000 kwa mwaka mmoja. Gazeti la Frank Leslie lilichora yale mazizi na kuyaanika hadharani. Kamati ya baraza la jiji ikaenda kuchunguza, na wanasiasa wakawatetea wenye mazizi. Sheria ya jimbo la New York ya kuzuia maziwa yaliyochakachuliwa ilikuja 1862.

Miaka hiyohiyo ya 1860, Ulaya ilikuwa inatafuta chakula cha mtoto cha kutengenezwa kiwandani. Justus von Liebig, mwanakemia wa Ujerumani, alitoa chake. Henri Nestlé akatoa unga wake kule Vevey, Uswisi, mwaka wa 1867. Usinielewe vibaya, hiyo ilikuwa hatua kubwa. Kuna watoto wangekufa bila hivyo vyakula, na leo kuna mama ambaye hawezi kunyonyesha kwa sababu za kiafya au za kazi, na si haki yangu wala yako kumhukumu. Lakini kuna kitu kilibadilika. Unga ukishafungwa ndani ya kopo, macho yako hayana kazi tena. Sasa unaamini karatasi iliyobandikwa nje.

Na hiyo karatasi ilitumika vibaya hata na kampuni halali. Miaka ya 1960 na 1970, kampuni za maziwa ya kopo zilituma wanawake waliovalia kama manesi kwenye hospitali za Afrika na Asia kuwashawishi wamama. Kopo lilikuwa ghali, so mama wa kipato kidogo alilivuta kwa kuongeza maji, tena mara nyingi maji machafu. Mtoto anashiba maji, anakonda. Mwaka wa 1974 shirika la War on Want la Uingereza lilitoa ripoti kali kuhusu jambo hilo, 1977 Wamarekani wakaanza kususia bidhaa za Nestlé, na 1981 Shirika la Afya Duniani likapitisha kanuni za kudhibiti biashara hii. Kenya tulipata sheria yetu 2012, na inakataza kutangaza maziwa ya kopo kwa umma. Eeh, umesoma vizuri. Zile posti za "ofa ya wiki" zinacheza na sheria.

Sasa twende China, kwa sababu hapo ndipo somo kubwa liko.

Mwaka wa 2004, mji wa Fuyang, mkoa wa Anhui. Watoto wachanga wanaletwa hospitalini wakiwa na vichwa vikubwa na miili midogo, wamevimba. Wazazi walidhani mtoto amenenepa, kumbe ni utapiamlo. Maziwa ya bei ya chini waliyokuwa wakinunua yalikuwa karibu hayana protini. Zaidi ya watoto 10 walikufa. Hapa ndipo unaelewa kwa nini kitu feki cha mtoto si kama viatu feki. Wewe ukila chipsi mbovu leo, kesho utakula ugali, mwili unajirekebisha. Mtoto wa miezi mitatu hana kesho ya ugali. Anakula kitu kimoja, asubuhi, mchana, usiku. Hicho kimoja kikiwa bure, hana kingine.

Baada ya Fuyang, watu wakasema dawa ni kupima protini. Sawa. Matapeli nao wakasoma kipimo. Kipimo cha kawaida hakihesabu protini yenyewe, kinahesabu naitrojeni. Na kuna kemikali inaitwa melamini, ya kutengenezea sahani za plastiki, ambayo naitrojeni imejaa tele. So unatia maji kwenye maziwa upate lita nyingi, unaongeza melamini, mashine inasoma "protini iko sawa". Wakati wa New York walidanganya jicho. Hapa walidanganya maabara.

Kampuni ya Sanlu, ya mji wa Shijiazhuang, ilikuwa jina kubwa sana huko. Malalamiko yalianza kuifikia mwishoni mwa 2007: watoto wanakojoa kwa shida, wana mawe kwenye figo. Agosti 2008 viongozi wa mji waliambiwa. Lakini Olimpiki ya Beijing ilikuwa inafunguliwa tarehe 8 mwezi huohuo, na nani anataka habari mbaya wakati wageni wamejaa? Wakanyamaza. Fonterra, kampuni ya New Zealand iliyomiliki asilimia 43 ya Sanlu, iliiambia serikali yake, nayo ikaiambia Beijing. Septemba ndipo umma ukajua. Mwanahabari Jian Guangzhou alikuwa kati ya wa kwanza kuitaja Sanlu kwa jina.

Hesabu ya mwisho: watoto karibu 300,000 waliugua, 6 walikufa, na melamini ikapatikana kwenye maziwa ya kampuni 22. Watu wawili walinyongwa... hapana, wacha niseme vizuri, waliuawa kwa amri ya mahakama mwaka wa 2009, na mkuu wa Sanlu akafungwa maisha. Lakini huyu ndiye hunikaa kichwani: Zhao Lianhai, baba ambaye mtoto wake aliugua. Alianzisha tovuti ya kuwaunganisha wazazi wadai haki. Mwaka wa 2010 akahukumiwa kifungo cha miaka miwili na nusu, ati amevuruga utulivu.

Baada ya hapo, wazazi wa China wakakataa maziwa ya nyumbani. Kila mtu anataka kopo la ng'ambo. Mabinamu, wanafunzi, wasafiri, wote wakawa wanunuzi wa kutumwa, na biashara ikahamia mtandaoni. Hong Kong ilisafishwa rafu hadi Machi 2013 serikali ikasema msafiri haruhusiwi kutoka na zaidi ya kilo 1.8, yaani kama makopo mawili. Na penye njaa ya kopo, tapeli naye hakosi. Mwaka wa 2016 ikatangazwa kwamba kundi limekamatwa likiwa limetengeneza zaidi ya makopo 17,000 feki. Walinunua maziwa ya bei ya chini, wakayatia kwenye makopo yenye majina makubwa. Jicho lilishadanganywa, maabara ikadanganywa, sasa ni kopo.

Hata Marekani hawakupona. Februari 2022 kiwanda kikubwa cha Abbott kule Michigan kilifungwa kwa sababu ya hofu ya bakteria, rafu zikabaki tupu, na ndani ya miezi michache serikali ikawa inaonya wazazi kuhusu wauzaji wa mtandaoni wanaopokea pesa na kupotea.

Sasa rudi kwa simu yako. Unaamini nini ukinunua huko? Picha. Wafuasi wengi. "Wateja wangu wanasema." Hicho ndicho kitachezewa, kwa sababu ndicho unachokiangalia. Picha ya kopo halali inaweza kuuza kopo lililofunguliwa, lililoisha muda likabadilishwa tarehe, au lililojazwa kitu kingine. Na hata ndani likiwa ni maziwa halali, maziwa ya unga si kitu kisicho na vijidudu. Yakikaa kwa joto, au yakipimwa kwa karatasi za nailoni ndiyo yauzwe kidogo kidogo, unacheza na maisha.

Kwa hivyo, nawaomba vitu vichache. Nunua mahali ambapo unaweza kurudi na risiti na kumshika mtu. Usinunue yaliyofunguliwa wala ya kupimiwa, hata kama muuzaji ni shemeji. Angalia sili, tarehe, na namba ya bechi kama imefutwafutwa. Alama ya KEBS usiiangalie tu, hata hiyo inaweza kunakiliwa; tuma namba yake kwa 20023 uone inarudi na jina la bidhaa gani. Changanya kwa maji yaliyochemka, yakiwa bado si chini ya nyuzi 70, halafu poza kabla ya kumpa mtoto. Usiongeze maji ili kopo lifike mwisho wa mwezi. Pesa ikikosa, nenda kliniki useme ukweli, huko kuna njia. Na mtoto akibadilika baada ya kopo jipya, mpeleke hospitali na hilo kopo mkononi.

Na sisi wengine ambao hatuna watoto, tuache kusambaza hizo posti kwa sababu ni za beshte. Mtoto hawezi kuandika malalamiko wala kurudisha bidhaa. Kuanzia New York hadi Shijiazhuang, wakubwa walinyamaza kwa sababu zao. Wewe umenyamaza kwa sababu gani? Kama unamjua mtu mwenye mtoto mchanga, mtumie hii leo.